Senene si panzi: undugu wa wadudu warukao ulivyopangika

Mweke senene wa kijani kando ya panzi wa kijani. Rangi ni moja, miguu ya nyuma ni mirefu yenye mapaja manene, mbawa zimelala juu ya tumbo, na taya zote ni za kutafuna. Karibu kila mtu atasema hao wawili ni ndugu, na kwamba nyenje yule mweusi wa chini ya mawe ni wa ukoo wa mbali. Nasaba inasema kinyume. Senene na nyenje wako tawi moja. Panzi, pamoja na nzige, yuko tawi jingine kabisa, na matawi hayo yaliachana karibu miaka milioni 300 iliyopita, kabla dinosaria wa kwanza hajatokea. Wakati huo hapakuwa na ua wala nyasi duniani, ingawa leo tunamfikiria panzi kama mla nyasi tangu asili.

Kwanza tuyaweke majina sawa, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Katika makala haya, nyenje ni yule mwenye kichwa cha mviringo na mwili uliobapa kidogo, anayelia usiku kwa kukwaruza mbawa zake. Watu wengine humwita nyenje pia yule mdudu anayepiga kelele mtini mchana, mwenye mbawa angavu kama kioo na macho yaliyotokeza pembeni. Huyo wa pili hahusiki hapa. Mdomo wake ni mrija wa kufyonza utomvu, na jamaa zake ni vidukari na kunguni. Vunjajungu naye mara nyingi huchanganywa na kundi hili, lakini ndugu yake wa karibu ni mende.

Oda yenyewe inaitwa Orthoptera, na ina zaidi ya spishi 28,000 zilizokwisha kupewa majina. Imegawanyika mara mbili. Ensifera, jina lenye maana ya wabeba upanga, ni kina nyenje, senene na jamaa zao. Caelifera, wabeba patasi, ni panzi wote na nzige. Upanga na patasi ni viungo vya kutagia mayai vya majike, na tutavirudia.

Kuna mambo yanayowaunganisha wote. Mguu wa kurukia ndio unaojulikana zaidi. La pili ni gamba linalofunika sehemu ya kwanza ya kifua na kushuka ubavuni mithili ya tandiko la punda. La tatu wengi hawalijui, nalo lina faida kubwa kwa anayetambua wadudu: katika hatua za mwisho za tunutu, yaani mdudu ambaye bado hajakomaa, machipukizi ya mbawa hugeuka, na yale ya nyuma hukaa juu ya yale ya mbele. Akishakomaa, mpangilio unarudi wa kawaida, mbawa ya mbele ikiwa juu. Hivyo ukikutana na mdudu mwenye vijibawa vifupi na hujui kama ni tunutu au ni mkubwa wa spishi isiyoruka, angalia kipi kiko juu. Kijibawa cha nyuma kikiwa juu, huyo bado ni mtoto. Kosa la kumpa jina tunutu kana kwamba ni spishi ya mbawa fupi limefanywa mara nyingi, na huepukika kwa kutumia lenzi ya kukuza mara 10 kwa sekunde chache.

Sasa tuje kwenye vipapasio, kwa sababu ndiyo alama inayotajwa kila mahali. Ensifera wana vipapasio virefu na vyembamba kama uzi, vyenye pingili zaidi ya 30, na mara nyingi hupita urefu wa mwili mzima. Caelifera wana vipapasio vifupi na vinene vyenye pingili chini ya 30. Kwa kutambua, alama hii ni nzuri mno. Kwa kuthibitisha undugu, haina nguvu kwa upande wa Ensifera, na hapa ndipo hoja nzima ya nasaba inapoegemea.

Mende ana vipapasio virefu. Wadudu vijiti wengi wanavyo pia. Maana yake ni kwamba mhenga wa Orthoptera inaelekea alikuwa navyo tayari, na nyenje na senene wamevibakiza tu. Watu wawili kubaki na shati la babu hakuonyeshi kwamba wao ni wa nyumba moja, kwani kila mjukuu angeweza kulibakiza. Kinachoonyesha undugu ni badiliko jipya lililotokea baada ya njia kugawanyika, kisha likarithiwa na wote wa upande ule. Kufupika kwa vipapasio ni badiliko la namna hiyo, kwa hiyo kunatetea umoja wa Caelifera. Urefu wake hautetei umoja wa Ensifera. Ndiyo sababu kwa muda mrefu umoja wa Ensifera ulikuwa jambo la mjadala, na katika karne ya 20 walikuwapo wataalamu waliotaka kuwatoa nyenje na senene katika Orthoptera wawe oda yao peke yao.

Mjadala huo ulitulizwa na jeni. Mwaka 2015, na tena mwaka 2020 kwa data kubwa zaidi, timu za watafiti zikiongozwa na Hojun Song wa Chuo Kikuu cha Texas A&M zilijenga miti ya nasaba ya oda nzima kwa kutumia mfuatano wa DNA na visukuku vyenye umri unaojulikana. Orthoptera ilitoka kama kundi moja, na ndani yake Ensifera na Caelifera, kila moja ikiwa kamili. Ndani ya Ensifera kuna mgawanyiko mwingine wa kale: upande mmoja nyenje na chenene, upande wa pili senene na jamaa zao wasio na mbawa wanaoishi mapangoni na chini ya magogo. Kwa hiyo senene na nyenje ni ndugu wa tawi moja, lakini nao wameachana kitambo kirefu sana. Usiwafikirie kama watoto wa mama mmoja. Ni koo mbili zilizotoka kwa babu mmoja wa mbali.

Ukiwa na mdudu mkononi na huna maabara, fuata njia hii. Anza na sikio. Kwa nyenje na senene liko kwenye mguu wa mbele, chini kidogo ya goti. Nyenje wengi wana kiwambo kinachoonekana wazi, doa jeupe la duaradufu. Senene wengi wamekifunika, hivyo utaona nyufa mbili nyembamba, moja kila upande wa muundi. Kwa panzi, inua mbawa na utazame ubavu wa pingili ya kwanza ya tumbo, nyuma tu ya mahali mguu wa nyuma unapoungana na kifua. Pale pana kidirisha cha mviringo chenye kiwambo chembamba kinachong'aa.

Kisha tazama jike anavyotaga. Senene ana upanga uliobapa ubavuni, wakati mwingine ulionyooka na wakati mwingine uliopinda kama mundu, wa kupasulia shina, kuchomeka kwenye ala la jani au kuingiza udongoni. Nyenje ana sindano nyembamba ya mviringo, nayo huchomeka mayai udongoni. Panzi hana upanga wala sindano. Ncha ya tumbo lake ina vipande vinne vifupi na vigumu, jozi mbili zinazofunguka na kufunga, na kwa kufungua na kufunga huko tumbo huzama ardhini na kurefuka kuliko kawaida yake. Shimo likishafika kina, hutaga mayai makumi kwa pamoja na kuyazungushia povu linalokauka likawa kifuko.

Alama ya tatu ni unyayo, na kwa maoni yetu ndiyo isiyotumiwa inavyostahili. Hesabu pingili za unyayo wa mguu wa kati: senene ana 4, nyenje ana 3. Panzi naye ana 3, kwa hiyo hesabu hii peke yake haitamtenga panzi na nyenje, lakini inamtenga senene na wote wawili. Hufaa hasa kwa mdudu aliyekatika vipapasio, na vipapasio hukatika kuliko kiungo kingine chochote. Mdudu wa kijani aliyekatika vipapasio vyote viwili ndiye anayeingizwa kwenye fungu la panzi bila swali, kumbe ni senene.

Wapo wanaopotosha hata mtu mzoefu. Chenene, yule mchimbaji mwenye mikono kama koleo, ni jamaa wa nyenje kweli, lakini jike hana kiungo cha kutagia kinachotokeza. Anaishi chini ya ardhi na mayai anayaweka chumbani mwake, hivyo sindano imepotea. Vipapasio vyake navyo ni vifupi kuliko vya nyenje wa kawaida. Halafu kuna kidudu cha familia ya Tridactylidae, urefu wake kwa kawaida haufiki sentimita 1, kinachochimba mchanga wa kingo za maji, chenye mikono ya kuchimbia na umbo la chenene kabisa. Kwa miaka mingi kimeitwa chenene mdogo. Hesabu pingili za vipapasio: ni chache, na vipapasio vyenyewe ni vifupi. Hiki ni Caelifera, na katika mti wa nasaba ndicho tawi la kwanza kutengana na panzi wengine wote. Mikono ya kuchimbia ilijitokeza mara mbili, katika koo zilizokuwa zimeachana zamani za kale, kwa sababu kazi ni ileile na udongo ni uleule. Huko Amerika Kusini kuna panzi wa familia ya Proscopiidae waliorefuka na kukonda hadi wakafanana na wadudu vijiti. Nao huangukia kwenye fungu lisilo lao kwa kosa lilelile la kusoma umbo kabla ya kusoma viungo.

Sauti inahitaji nafasi ya peke yake. Nyenje na senene wote hulia kwa kukwaruza mbawa za mbele. Chini ya mbawa moja kuna mshipa wenye meno madogo yaliyopangana kama tupa, na ukingo wa mbawa ya pili una sehemu ngumu inayopita juu ya meno hayo. Tazama kwa karibu mdudu anapotulia: senene huweka mbawa ya kushoto juu ya ile ya kulia, na tupa inayotumika ni ya kushoto. Nyenje, kwa kawaida, huweka ya kulia juu. Mbawa ya kulia ya senene ina utando mwembamba angavu unaoitwa kioo, unaokuza sauti. Tofauti ya upande gani uko juu inaonekana ndogo, lakini inagusa swali zito: je, walirithi kuimba kwa mhenga mmoja, au kila ukoo ulijipatia wake? Jenasi Cyphoderris ya Amerika Kaskazini, mojawapo ya mabaki machache yaliyo hai ya ukoo wa kale Prophalangopsidae, inaweza kubadilisha, mara mbawa ya kulia juu, mara ya kushoto. Mpangilio huo wa kubadilika unaonyesha kwamba upande haukuwa jambo la kukazwa tangu mwanzo.

Tuna hata sauti yenyewe kutoka zamani. Mwaka 2012 watafiti walieleza kisukuku cha jamaa wa kale wa senene kutoka Mongolia ya Ndani, China, chenye umri wa miaka milioni 165, wakakiita Archaboilus musicus. Mbawa zilihifadhika vizuri kiasi cha kupima meno ya tupa, na kwa kulinganisha na spishi zilizo hai walikokotoa kwamba aliimba kwa mlio mmoja safi wa kilohezi 6.4. Huo ni mlio ambao sikio la binadamu lingeusikia bila shida. Senene wengi wa leo wamepanda juu zaidi, hadi kwenye sauti tusizozisikia kabisa, wakati nyenje wengi wamebaki kati ya kilohezi 2 na 8.

Panzi alifuata njia nyingine, na kwa mpangilio uliogeuka. Panzi wanaoimba kwa kawaida husugua paja la nyuma juu ya mbawa. Upande wa ndani wa paja kuna mstari wa vijino, na mshipa wa mbawa ndio unaopigwa. Lakini panzi wengi hawaimbi kabisa, na bado wana masikio. Mti wa mwaka 2020 unaonyesha kwamba kwa Ensifera sikio na wimbo vilikua pamoja. Kwa panzi sikio lilikuja kwanza kwa kazi isiyohusu kutafuta mwenza, na inaeleweka hivyo, maana kusikia adui anayekaribia kuna faida hata kwa mdudu bubu. Wimbo ulikuja baadaye na kulikuta sikio liko tayari.

Sikio lenyewe lilitoka wapi? Jibu zuri liko Afrika Kusini, kwa panzi wa familia ya Pneumoridae, ambao tumbo la dume limevimba kama kibofu kilichojazwa hewa. Bullacris membracioides ana jozi 6 za masikio, kuanzia pingili ya kwanza ya tumbo hadi ya sita, na hayana viwambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba ni viungo vilevile ambavyo kwa panzi wengine hupima tu jinsi tumbo linavyovutika mdudu anapopumua na kujikunja. Yale ya pingili ya kwanza ndiyo yenye usikivu mkubwa, na kwa msaada wake jike husikia mlio wa dume kutoka umbali wa karibu kilometa 2. Ukiweka mfululizo huu mbele yako, unaona hatua ya katikati: kifaa cha kupima mvutano kinaanza kuitika mtikisiko wa hewa, kisha katika pingili ya kwanza kinaboreshwa, kisha kwa panzi wa kawaida kinapata kiwambo, na zile jozi nyingine zinaendelea na kazi yake ya zamani. Sikio la mguuni la nyenje halina uhusiano na hili. Ni uvumbuzi wa upande wa pili.

Kupoteza, kwa upande mwingine, ni rahisi sana, na hili lazima likumbukwe kila unaposoma mti wa nasaba. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, nyenje Teleogryllus oceanicus hufuatwa na nzi Ormia ochracea, ambaye humsikiliza dume akiimba, humtafuta, kisha huacha mabuu yanayomla akiwa hai. Mwaka 2003 watafiti walikuta madume wengi mno wakiwa na mbawa zisizo na vifaa vya sauti. Wimbo ulikuwa umefutika ndani ya vizazi visivyofika 20. Baadaye kisiwa cha Oahu nacho kilionekana kuwa na madume bubu, na badiliko la jeni lilikuwa tofauti na lile la Kauai. Ikiwa ububu unaweza kutokea mara mbili katika spishi moja ndani ya miaka michache, basi koo mbili kukosa mbawa au kukosa wimbo hakuonyeshi lolote kuhusu ukaribu wao. Familia kadhaa za Ensifera zilizopangwa zamani kwa kigezo cha kukosa vitu zimelazimika kupangwa upya kwa sababu hii.

Nzige naye anastahili aya yake. Si tawi. Ni panzi wa familia ya Acrididae ambao, msongamano ukizidi, hubadilika tabia, rangi na hata uwiano wa mwili. Mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alionyesha mwaka 1921 kwamba wadudu wawili waliodhaniwa spishi tofauti walikuwa hali mbili za Locusta migratoria. Uwezo huo umejitokeza mara kadhaa katika matawi tofauti ya familia hiyo, ndiyo maana nzige wa jangwani, Schistocerca gregaria, ana undugu wa karibu zaidi na panzi wa Marekani wasiounda makundi kuliko na Locusta. Karibu spishi zote za jenasi yake zinaishi Amerika, na yeye peke yake yuko upande wetu wa Atlantiki. Kwamba bahari hiyo huvukika kwa mbawa si nadharia: mwaka 1988 makundi yake yaliruka kutoka Afrika Magharibi yakafika visiwa vya Karibi. Kichocheo cha badiliko nacho kinajulikana: kuguswaguswa kwenye mapaja ya nyuma hupandisha serotonini, kemikali ya kupelekea ujumbe, katika mishipa ya fahamu ya kifua, na ndani ya saa kama 2 tunutu aliyekuwa akiwakwepa wenzake huanza kuwafuata.

Hata senene tumemkosea jina katika vitabu. Yule anayeruka kwa makundi Afrika Mashariki aliandikwa kwa miaka mingi kama Homorocoryphus nitidulus, kisha Ruspolia nitidula. Jina linalotumika sasa ni Ruspolia differens. Ukisoma maandiko ya zamani kuhusu chakula chake au mayai yake, tafuta kwa majina yote matatu, la sivyo utakosa sehemu kubwa ya yaliyoandikwa.

Kwa anayetaka kwenda hadi DNA, kuna mtego mmoja mkubwa. Jenomu za panzi ni kubwa kupita kiasi. Ile ya Locusta migratoria, iliyochapishwa mwaka 2014, ina herufi bilioni 6.5, zaidi ya mara mbili ya binadamu. Ndani yake kuna vipande vya DNA ya mitokondria, yaani vijiungo vya seli vinavyozalisha nishati, vilivyohamia kwenye kiini zamani na kubaki pale vikikusanya makosa. Ukinakili COI, jeni ya mitokondria ambayo hutumiwa kutambua spishi, unaweza kunakili kipande hicho kilichokufa badala ya jeni hai, na mti utakuonyesha spishi kadhaa mahali palipo na moja. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha jambo hilo waziwazi kwa panzi. Kabla ya kuamini matokeo, tafsiri mfuatano wako kuwa amino asidi. Ukikuta katikati alama ya kusimama, ile inayokatisha utengenezaji wa protini, au herufi imeongezeka au kupungua na kuvuruga usomaji, huo ni mzuka wa jeni, utupe.

Kinga bora huanza shambani. Chukua msuli wa paja la nyuma, wenye mitokondria nyingi, uweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 siku hiyohiyo, na uibadilishe kesho yake kwa sababu maji ya mwilini huizimua. Usichukue utumbo, maana utasoma DNA ya alichokula. Toa mguu wa kulia. Pini ya kumhifadhia mdudu nayo kwa desturi hupita upande wa kulia wa lile gamba la kifua, mbawa za kushoto zikikunjuliwa. Hivyo upande wa kushoto unabaki mzima kwa atakayekuja baadaye na lenzi kuhesabu pingili za unyayo na meno ya tupa.